Kwaresima Naiweza, Pasaka Ndiyo Inayonishinda

Kwaresima naiweza. Nipakeni majivu, nikatazeni nyama siku ya Ijumaa, nizungusheni kwenye vituo 14 vya Njia ya Msalaba mvua ikinyesha, hamtasikia neno. Nyama yenyewe, kwa mtu anayeuza sabuni na chumvi hapa Iga Barrière, Ituri, haihitaji kukatazwa na kanisa, bei imeshaikataza. Tena mfungo una raha yake. Una mwanzo na mwisho, una siku 40 zinazohesabika, na ukinuna barabarani watu wanadhani unatubu, wanakupisha. Mimi nimezaliwa nimenuna. Siku 40 kila mwaka naonekana mcha Mungu bila kubadilisha chochote.

Taabu yangu inaanza Aleluya ikirudi.

Zamani tulikuwa na utaratibu unaoeleweka. Mkesha wa Jumamosi hadi miguu inakufa ganzi, ngoma, vigelegele, watoto ndani ya nguo mpya zilizonunuliwa kubwa makusudi ili zifike Noeli. Jumapili wali na kuku. Jumatatu kila mtu kwao: mchimbaji shimoni, motari na pikipiki yake barabarani, mimi nyuma ya meza yangu. Hakuna aliyeona haya. Hata Petro, ukisoma sura ya mwisho ya Yohana, alikuwa ameshamwona Bwana aliyefufuka, na bado akawaambia wenzake kwamba anakwenda kuvua samaki. Wavuvi wa Tchomia wangemwelewa mara moja. Njaa haijui sikukuu. Wakavua samaki wakubwa 153. Nimempenda siku zote yule mtu aliyekaa pale ufukweni, Bwana amefufuka, moto umewashwa, mkate uko tayari, na yeye anahesabu samaki. Huyo alikuwa mwenye duka.

Basi mwaka huu katekista wetu akatumwa Bunia kwenye mafunzo, akarudi na daftari. Katika maisha yangu nimejifunza kumwogopa mtu anayerudi kutoka Bunia na daftari. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, hiyo ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliiweka kwenye kalenda mwaka 2000 kuwa ya Huruma ya Mungu, akasimama mbele akatutangazia kwamba Pasaka si siku moja. Ni siku 50, hadi Pentekoste. Kumi zaidi ya Kwaresima! “Kama tuliweza kuhuzunika siku 40,” akasema, “tutashindwaje kufurahi 50?”

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa nilielewa kwamba furaha ni chakula. Kumbe furaha ni kazi, na kazi yenyewe imegawanywa kwa mashirika, yaani jumuiya zetu ndogo za waumini, kila shirika na zamu yake, na karatasi ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa kanisa ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Tuanze na salamu, maana hiyo ndiyo iliyonipiga kwanza. Katekista alisema siku hizi zote 50 tusisalimiane kwa mazoea. Tusalimiane kwa habari njema. Anayekuja anasema “Kristo amefufuka”, anayepokea anajibu “Amefufuka kweli kweli”. Jambo zuri, silipingi. Lakini katekista hana duka. Hajui mtu mwenye deni anavyopita barabarani. Kabla ya Pasaka mdeni wangu alikuwa na adabu: akifika karibu na duka anavuka upande wa pili, au anazunguka nyuma ya nyumba kwenye potopoto hadi magotini, anatokea kule mbele akijifuta. Mateso yale yalikuwa riba yangu, na nilitosheka. Sasa mdeni huyo huyo anakuja moja kwa moja, kifua mbele, mikono ameinyoosha, sauti inasikika hadi kwa mshona viatu: “Kristo amefufuka, Papa!” Nami inabidi nijibu. Jaribuni wenyewe. Jibuni “Amefufuka kweli kweli” kwa moyo wote, kisha mfunue daftari la madeni. Mkono haufiki. Na yeye anajua kwamba haufiki, ndiyo maana palepale anaongeza: “Nipatie sabuni moja, nitaleta franga Jumamosi.”

Jumamosi ipi, hasemi. Kwa hesabu zangu tunaongelea ile ya kabla ya ufufuo wa wafu.

Halafu sala ya saa sita. Mwaka mzima tunasali Malaika wa Bwana, naijua hata nikiwa usingizini. Ikifika Pasaka inaondolewa, inawekwa Malkia wa Mbingu, ambayo kila mwaka naikumbuka vizuri wakati Pentekoste imeshafika. Na hii husaliwa kwa kusimama. Saa sita ndiyo saa ambayo magari yanayokwenda Nizi na Mongbwalu yanasimama hapa, watu wanashuka kunyoosha miguu na kununua betri, chumvi na biskuti. Mke wangu haoni sababu ya saa hiyo kuwa tofauti na nyingine. Ananiangalia tu. Nasimama. Mteja wangu mmoja, mchimbaji, Mprotestanti wa siku nyingi, alipoona nimesimama wima ghafla na kuvua kofia, akaweka betri chini naye akavua yake. Alidhani nimeshika simu yenye habari ya msiba. Nilipomaliza akanipa pole. Nikaipokea. Gari lake lilikuwa limeshapiga honi mara tatu na abiria wengine wote walikuwa wamenunua kwa jirani.

Sitaki kumsema katekista vibaya. Ni mtu wa haki, na haki yake ndiyo inayotuchosha. Alikwenda hata kwa jirani yangu anayenunua dhahabu. Wageni hawajui, kwa hiyo nieleze: huku kwetu mchimbaji akileta vumbi lake la dhahabu lililofungwa kwenye kikaratasi, mnunuzi mdogo hapimi kwa mashine. Ana mizani ndogo ya visahani viwili. Upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti au sarafu ya zamani. Njiti ikiwa nzito, dhahabu inayotakiwa kusawazisha ni nyingi, na anayelia ni mchimbaji. Wachimbaji walikuwa na mashaka ya muda mrefu kwamba njiti za jirani yangu zinalala mahali penye unyevu. Katekista hakumtuhumu. Alimwomba tu kwamba, kwa heshima ya Pasaka, apime kama vile anayemletea ni Bwana mwenyewe. Jirani akaguswa. Akaja dukani kwangu mbele ya watu, akanunua kiberiti kipya, kikavu, akakifungua hadharani. Wachimbaji wakashangilia. Wiki iliyofuata akarudi kununua kingine, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina aina ile yenye njiti nene.

Nikamwambia zimekwisha. Zilikuwa zimejaa rafu nzima nyuma yangu, na alikuwa anaziona.

Lakini aliyenitia hasara hasa si katekista. Ni mwenye heri. Katika lile daftari la Bunia mlikuwa na picha ya Floribert Bwana Chui, na shirika letu likapewa habari zake tuzitafakari jioni. Nilikuwa nimezoea watakatifu wa mbali. Mtakatifu wa kawaida ana ndevu, amekufa miaka elfu iliyopita, alikula nzige jangwani; unamheshimu, unawasha mshumaa, na kila mmoja anabaki na maisha yake. Hata Anuarite wetu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985, alikuwa sista. Mwenye duka unasema: aa, yule alikuwa sista. Sasa huyu Floribert ni mtoto wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981. Wengi wetu tumemzidi umri. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, na kazi yake ilikuwa kusema chakula hiki kizuri, hiki kimeoza. Wakamletea mchele uliooza, wakamletea na pesa ili aupitishe. Akakataa pesa, mchele ukaharibiwa. Mwezi wa saba mwaka 2007 wakamteka na kumuua, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri kule Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tulipomaliza kusoma shirika zima lilinyamaza. Huku kwetu, ambako barabara ina vizuizi vingi na kila kizuizi kina mkono, hakuna mtu mzima asiyejua pesa ya kupitisha kitu inavyotolewa, ikikunjwa vipi, ikiwekwa kwenye karatasi gani. Mzee mmoja akajikohoza akasema kwamba ofisi ni ofisi, sisi wa vijijini ni tofauti. Hakuna aliyemjibu.

Siku chache baadaye lori likaniletea magunia yangu ya mchele. Moja lilikuwa limenyeshewa njiani. Ukiliinamia linanuka chachu. Dereva akasema nichukue kwa nusu bei. Nianike siku mbili jua likiwaka, nichanganye na ule mzuri, nani atajua? Kwa mwaka wa kawaida hilo ni swali la hesabu. Nikasimama pale, na yule kijana wa Goma akasimama nami, ana simu mfukoni, ana mshahara unaochelewa, hana hata ndevu za kumfanya awe mbali. Nikalirudisha gunia. Dereva akanicheka hadi akashika usukani. Sijasikia amani yoyote ya moyo kama wanavyoahidi vitabuni. Nimesikia faida ya gunia zima inakwenda zake kuelekea Fataki. Mwenye heri Floribert, uniombee, na ukipata nafasi uongelee pia suala la bei ya mchele.

Mambo ya sadaka nisiyaguse. Au niyaguse kidogo. Mnajua dola ilivyo katika nchi yetu. Franga inaweza kuwa imeshonwa, imegundishwa, imefutika hadi chui hana madoa, inapokelewa. Dola ikiwa na mpasuko wa ukucha wa mtoto, hakuna anayeitaka; watu wanaiangalia juani, wanaipapasa pembeni, wanakurudishia kana kwamba umewapa kidonda. Mdeni mmoja alinijia na dola tano yenye mpasuko. Nikaikataa kwa haki kabisa. Jumapili nikamwona anaiweka kwenye kikapu, imekunjwa upande mzima juu, anaimba. Jumatatu ni nani anaingia dukani kununua mishumaa ya kanisa? Katekista. Anatoa nini? Nikaitambua kabla hajaikunjua. “Kristo amefufuka, Papa,” akasema. Nikajibu nilivyopaswa kujibu, nikatoa mishumaa. Ile dola bado ninayo. Kila msafiri anayekwenda Kampala namwomba ajaribu, na kila msafiri anakumbuka ghafla kwamba safari imeahirishwa.

Sasa nifike nyumbani, maana huko ndiko daftari la katekista lilikofanya kazi yake kubwa. Kila jioni familia isome Injili pamoja. Tukaanza na wale wawili wa Emau, Luka 24. Binti yangu, ambaye yuko darasa la sita na anapenda kupima kila kitu, akauliza ni mbali kiasi gani. Nikamweleza: stadia 60, kama kilomita 11. Kutoka hapa hadi Bunia ni zaidi ya mara mbili. Akafikiri. “Papa, wangepanda pikipiki wangefika bila kumjua.” Nikasema ndiyo, tusonge mbele. Hakusonga. “Na kwa nini walimkaribisha usiku? Hawakumjua. Hawakumwomba hata kadi ya mpiga kura?”

Hapo nikakosa jibu. Mtoto huyu ameanza kuelewa dunia katika Ituri ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, iliyotangazwa Mei 2021 na kuongezwa na kuongezwa tena. Ndani ya Djugu mlango ukigongwa usiku hatuulizi “Nani?”, tunazima taa. Tumewafundisha hivyo wenyewe, na tuliwafundisha kwa sababu. Kwa hiyo kisa ambacho watoto wa kwingine wanakisikia kama hadithi tamu ya mkate, wa kwetu wanakisikia kama kisa cha watu wawili wasiojua kujihadhari.

Mke wangu hakusema kitu. Mke wangu asiposema kitu huwa ameshaamua. Kesho yake jioni narudi kutoka dukani, nakuta mama na watoto watatu wamekaa kwenye mkeka wangu. Wamekimbia kijijini kwao, upande wa Djugu ambao hata kuutaja siku hizi watu hushusha sauti. Walikuwa wamelala kwenye darasa la shule hadi shule ikafunguliwa baada ya likizo ya Pasaka. “Wamefika jioni,” mke wangu akasema, “na jua limekuchwa.” Maneno ya Emau hayo, nilikuwa nimeyasoma mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikala kimya. Niliweka jicho kwenye bakuli la sombe, nikaona lilivyoongezwa maji. Samaki wa Ziwa Albert aliyekuwa wangu akawa wa watu wanane, nami nikabaki na sehemu inayofikiri. Usiku nikapanga hotuba. Asubuhi nikaamka nitoe hotuba, nikakuta yule mama ameshafagia mbele ya duka, ameshachota maji, ameshamsugua mtoto wangu mdogo masikio ambayo sisi tulikuwa tumeyakatia tamaa. Utamlalamikia mtu kama huyo kwa lipi? Kuna wageni wasiokuachia hata kitu kidogo cha kunung’unikia.

Kisha nikagundua kwamba kwao alikuwa akiuza sokoni. Nilimwachia meza nikaenda salongo, maana karatasi ya mlangoni ilisema ni zamu yetu kulima shamba la mjane fulani, ambaye, iwe siri yetu, ana watoto wa kiume watano wenye mikono mizima. Narudi mgongo umekatika, nakuta mstari umechorwa juu ya majina manne katika daftari la madeni. Yamelipwa! Nikamwuliza amefanyaje. Hakuelewa kwa nini nauliza. Nikakaa pembeni nione mwenyewe.

Akaja motari mmoja, bingwa wa wadeni wote wa barabara hii, kifua mbele, mikono imenyooshwa.

“Kristo amefufuka, Mama!”

“Amefufuka kweli kweli,” akajibu yule mama, uso umeng’aa, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. “Na sabuni ya wiki ile?”

Motari akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari. Akaingiza mkono mfukoni.

Nilimpelekea katekista malalamiko, kwani nilikuwa nimeanza kuona kwamba huenda kosa halikuwa la salamu, na sikutaka kufika huko. Nikamwambia nimechoka. Nimesalimia, nimesimama saa sita, nimerudisha gunia, nimelima, nimelisha, nimepokea dola ambayo hata Kaisari angeikataa. Anionyeshe kwenye kalenda ni lini tunapumzika. Akatoa daftari lake. Akanionyesha Kupaa, akanionyesha Pentekoste, siku ya 50, mshumaa wa Pasaka unaondolewa pale altareni. Baada ya hapo, akasema, kinaanza kipindi cha kawaida, hadi Majilio.

Cha kawaida! Neno zuri sana. Nikahesabu haraka haraka, ni nusu ya mwaka.

“Na humo, katekista, tunafanya nini?”

“Yale yale, Papa,” akasema. “Ila padri atavaa kijani.”